Mvivu hutoka jasho hata akiwa amekaa

"Shangazi, nakuandikia kutoka Lamu. Mke wangu amenishinda. Saa sita mchana hapiki, analala sakafuni na kanga iliyoloa kifuani. Arusi ya dada yangu aliondoka kabla ya chakula. Mama anasema ni uvivu, maana hata akifagia ua mzima hatoki jasho. Kila tonge analisukuma kwa maji, na macho anayasugua akidai yana mchanga. Malaria kapimwa mara tatu, hana. Nioe wa pili?"

Pole. Pole imekwisha, sasa nisikilize.

Barua yako ina mama, ina dada, ina mke wa pili. Daktari wa maana hamna.

Kaskazi hii, mtu akitoka Langoni na kikapu cha samaki anafika nyumbani kaloa chapachapa, na mkeo akifagia ua mzima hana hata tone? Mvivu hutoka jasho hata akiwa amekaa, mwanangu. Jasho ndilo linaloupoza mwili. Likikatika, joto halina pa kutokea. Mwili ukifika digrii 40 mtu huweza kuweweseka, kuanguka, hata kufa.

Yapo maradhi yaitwayo Sjögren, jina la daktari wa macho wa Uswidi aliyeyaeleza mwaka 1933. Kinga ya mwili hugeuka, ikashambulia tezi za mate na machozi. Kwa wengine jasho nalo hukatika. Wagonjwa tisa katika kumi ni wanawake. Sisemi anayo. Nasema apimwe damu, na machozi pia, kwa kile kikaratasi kinachopachikwa kwenye kope la chini dakika tano. Abebe na dawa zake zote, maana zipo za mafua na mzio zinazopunguza jasho.

Vijana wa leo! Simu ikipata moto mnaitoa juani, mnaizima ipumzike. Mke akipata moto mnaitisha kikao cha ukoo.

Kanga ile usimsimange nayo, iloweshe tena. Yeye apike alfajiri. Jiko la mchana ni lako, na mama yako akiuliza mwambie nimesema mimi. Akianza kuropoka au kupepesuka, mweke kivulini, mmwagie maji, mpepee, mkimbize hospitali. Mganga asije.

Na huyo wa pili, niandikie majibu ya damu yakitoka. Mkeo aisome barua kwanza.