Jibu: Kuchimba dhahabu kwenye shamba la familia, Ruangwa

Ndugu, nimekuelewa: duara (shimo la kuchimbia dhahabu) lipo kwenye mikorosho ya baba, leseni hamna, na mnaoshea mchanga kando ya mto. Shamba kuwa lenu hakuwapi haki ya madini yaliyo chini. Simamisheni kazi kwanza, maana kuchimba bila leseni ni kosa.

Pima kona za eneo kwa GPS, kisha nenda ofisi ya Tume ya Madini uulize kama tayari lina leseni ya mtu. Hapa wengi huumia: wanachimba miezi, kumbe eneo lina mwenyewe. Likiwa wazi, omba leseni ya uchimbaji mdogo. Ni ya Watanzania na hudumu miaka 7. Andaa pia mpango wa kutunza mazingira.

Mwalo, yaani sehemu ya kuoshea mchanga, uhamishe: sheria inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Chimba bwawa la kutuamisha tope. Zebaki mnayonasia dhahabu msiichome wazi, hasa jikoni. Tumieni ritoti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke wake. Tafadhali, watoto wasikae karibu hata kidogo. Mwenye mikono inayotetemeka apelekwe hospitali, aseme ameshika zebaki.

Mkikuta mgogoro wa mipaka, tafuteni wakili kabla ya kusaini chochote.