Albamu ya Mtunzi Mmoja: Kabla Hujafungua Piano

Msomaji ameuliza: ana piano, besi na ngoma, anataka kurekodi albamu nzima ya nyimbo za Duke Ellington, mtunzi wa jazi wa Marekani. Aanzie wapi?

Aanzie kwenye majina. Take the "A" Train, ambayo wengi huitaja kwanza wakimtaja Ellington, ni ya Billy Strayhorn. Caravan ina mkono wa Juan Tizol, na Mood Indigo ina wa Barney Bigard. Kila mmoja ana fungu lake la mirabaha, kwa hiyo shughulikia leseni ya utunzi, yaani ruhusa ya kurekodi nyimbo zao, kabla ya siku ya studio, na majina yote yaandikwe kwenye jalada. Kumnyima mtunzi jina lake ni dhuluma, hata kama alishafariki.

Nyimbo nane zinatosha. Mpiga piano wa jazi Thelonious Monk alipofanya kazi hiihii Julai 1955, na Oscar Pettiford kwenye besi na Kenny Clarke kwenye ngoma, alirekodi nane. Ya saba, Solitude, aliipiga peke yake. Sikio linapumzika hapo, ndipo Caravan inaingia.

Balaa la albamu za namna hii ni kufanana. Sophisticated Lady kwa kawaida hupigwa katika ufunguo wa A flati, Caravan katika F maina. Zote zina flati nne zilezile, yaani noti nne zilezile zilizoshushwa nusu toni. Ukizifuatanisha, msikilizaji anadhani wimbo haujaisha. Hamisha ufunguo wa mmoja, au weka kitu kati yake. Ukihamisha Sophisticated Lady, jihadhari na sehemu ya kati: inashuka nusu toni, kutoka A flati hadi G, halafu inarudi ilikotoka haraka mno. Mpiga besi hupotelea hapo. Mwandikie karatasi mpya, usitegemee kumbukumbu yake.

Mkono wa kushoto usigombanie noti za chini na besi. Mwachie mpiga besi noti ya msingi ya kila kodi. Wewe piga noti ya tatu na ya saba ya kodi hiyo, jirani na C ya kati. Ukikaidi, rekodi itavuma kama pipa, na fundi mitambo hataweza kuisafisha.

Mahadhi yapigwe kwanza yalivyo, bila mapambo. Asiyeutambua wimbo atajuaje umeugeuza?

Na fundi wa kutyuni piano aje asubuhi hiyohiyo, kiyoyozi kikiwa kimeshawashwa. Joto na unyevu vikibadilika, nyuzi zinahama, na kipande cha saa nane mchana hakiungani tena na kile cha saa nne asubuhi.