Wakala anataka nifiche presha

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 46, ni dereva wa lori, napeleka mzigo Tunduma na kurudi Uyole. Nataka bima ya maisha ya milioni 10 ili nikiondoka watoto wasihangaike. Mdogo wangu wa miaka 29 amekata kiasi hichohicho, lakini analipa kidogo sana kuliko nilichotajiwa mimi. Kwenye fomu kuna swali la presha, nami natumia dawa tangu mwaka juzi. Wakala anasema nijaze "Hapana", la sivyo bei itapanda zaidi. Wanajuaje nitakufa lini hadi wanipangie bei? Mbona SACCOS ya mke wangu ilimkatia bima ya mkopo bila kumuuliza hata mafua? – Dereva, Uyole

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usijaze "Hapana".

Hakuna anayejua utakufa lini. Kampuni inachokadiria ni kwamba, kati ya watu 1,000 wanaofanana nawe, wangapi watafariki ndani ya mwaka. Tuseme watano. Kila familia ilipwe milioni 10, jumla milioni 50. Gawa kwa watu 1,000, kila mmoja achangie 50,000 kwa mwaka, kabla ya gharama za ofisi na kamisheni ya wakala. Kwa vijana wa miaka 29, tuseme wanafariki wawili: ni 20,000. Namba hizi ni za mfano tu, lakini mdogo wako hajapendelewa.

Majedwali ya vifo, yaani orodha za wangapi hufariki katika kila umri, yana historia ndefu. Edmond Halley, yule mwanafalaki wa nyota yenye mkia, alichapisha lake mwaka 1693 kutokana na vizazi na vifo vya mji wa Breslau. Katika miaka ya 1750 mwalimu wa hisabati wa London, James Dodson, mtu wa rika lako, alinyimwa bima na chama cha Amicable kwa sababu ya umri. Akapiga hesabu kuonyesha kwamba hata mtu mzima anaweza kupokelewa, mradi alipe kulingana na umri wake. Alifariki kabla ya kampuni ya Equitable kuanza kazi kwa hesabu hizo mwaka 1762. Kwa hiyo bei inayokuuma ndiyo pia inayokufungulia mlango.

Sasa presha. Wenye maradhi wakijificha humo, wale watano wanaweza kuwa wanane na fedha zikapelea. Kampuni ikipandisha bei kwa wote, wenye afya wanajiondoa, wanabaki wagonjwa, bei inapanda tena. Ndiyo maana unaulizwa. SACCOS haikumuuliza mkeo kwa sababu wanachama walifuata mkopo, hawakufuata bima. Wazima na wagonjwa wamechanganyika wenyewe.

Nilifanya kazi ya kupima maombi ya bima hapa Mbeya hadi nilipostaafu. Alikuja mjane kutoka Tukuyu, faili amelifunga kwenye kanga. Kwenye swali la kisukari iliandikwa "Hapana" kwa mwandiko wa wakala. Sahihi chini ilikuwa ya marehemu. Kadi ya kliniki ilionyesha alikuwa na kisukari miaka mitatu kabla ya fomu. Madai yalikataliwa. Wakala alikuwa ameshachukua kamisheni yake na kuhama mji, mama wa watu akabaki na karo za watoto. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu yule mzee angepokelewa kwa nyongeza ya bei.

Nawe, kwa presha inayodhibitiwa na dawa, kuna uwezekano mkubwa wa kupokelewa hivyo. Omba fomu mpya, andika presha, jina la dawa na tarehe uliyoanza, ambatisha nakala ya kadi ya kliniki. Taja na kazi ya lori. Bei ikikushinda, punguza kiasi, chukua hata milioni 7, na usome sharti la kuacha mapema: kwenye bima ya muda mrefu, ukijitoa miaka ya mwanzo unarudishiwa kidogo sana au hupati kitu.

Mwulize wakala leseni yake ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Akiikataa fomu uliyojaza kweli, ipeleke mwenyewe ofisi ya kampuni, na usiondoke bila nakala yenye mhuri.