Usiulize mshahara, uliza mkataba ni wa miezi mingapi

Wadogo zangu,

Maneno yenu nimeyapata. Mnasema ukimaliza shahada ya baiolojia ya molekuli pale Mlimani ukapata maabara Ujerumani, umetoka: chuo kinakulipa usome, baada ya miaka mitatu unaitwa daktari, na kampuni zinakusubiri mlangoni. Mkaongeza kwamba sisi tuliotangulia tunabana njia makusudi.

Hilo la kubana njia limeniuma, ndiyo maana najibu kwa urefu. Baridi mtanunua koti. Chakula mtapika wenyewe. Tuzungumze karatasi, maana hapo ndipo watu wanaumia kimyakimya.

Maabara ya chuo kikuu huku ina watu wa aina nne. Kuna profesa, ambaye kazi yake kubwa ni kuandika maombi ya fedha. Kuna mafundi sanifu, wanaojua kila kimeng'enya kiko friza gani. Kuna posdoki, yaani mtafiti aliyekwisha kupata PhD, ile shahada ya uzamivu, na kuna wanafunzi wa PhD. Hawa wawili wa mwisho ndio wanaofanya karibu majaribio yote, na karibu wote wako kwenye mikataba ya muda. Wenye kazi ya kudumu ni profesa na baadhi ya mafundi sanifu. Sheria ya mwaka 2007 inampa mtafiti hadi miaka 6 ya mikataba ya namna hiyo kabla ya PhD na 6 baada yake, na mwenye mtoto huongezewa miaka 2 kwa kila mtoto. Ikiisha, unapata kazi ya kudumu, unafadhiliwa na mradi wa fedha za nje, au unaondoka. Wajerumani wenyewe walilipuka mitandaoni mwaka 2021 kwa alama ya #IchBinHanna, yaani mimi ni Hanna, kwa sababu ya video ya katuni ya wizara iliyoisifia sheria hiyo. Hanna wa katuni ile alikuwa mwanabaiolojia. Sasa ikiwa mwenyeji analia, mgeni ambaye kibali chake cha kuishi nchini kimefungwa kwenye mkataba huohuo aseme nini?

Mshahara nao muuelewe. Mwanafunzi wa PhD wa baiolojia huajiriwa daraja la mshahara la E13, ila kwa asilimia 50 hadi 67 ya kazi kamili. Asilimia 65 ni kama euro 3,000 kwa mwezi kabla ya makato, na mkononi inabaki kama 2,000. Munich chumba peke yake kinaweza kula 700 au 800. Asilimia 65 iko kwenye karatasi tu. Maabarani utafanya kazi wiki nzima, na Jumamosi utaenda kubadilisha chakula cha seli kwa sababu seli hazijui wikendi. Nyumbani wao wanahesabu ile 3,000. Waambieni mapema ni 2,000, tena waambieni kabla hamjapanda ndege.

Halafu kuna kitu hamkiulizi kamwe: ni mkataba wa kazi au ni fedha za ufadhili? Mtu akisikia ufadhili anashangilia, na simlaumu. Lakini mwenye ufadhili hachangii mfuko wa pensheni wala bima ya kukosa kazi, na bima ya afya anajilipia mwenyewe. Aliyesoma huku akitaka kibali cha kudumu baada ya miaka 2 ya kazi ya taaluma yake, anadaiwa michango ya pensheni ya miezi 24. Miaka minne ya ufadhili inampa sifuri. Mkipewa kuchagua, chukueni mkataba hata kama fedha ya mkononi inalingana. Mkipewa ufadhili tu, chukueni ufadhili, ila ombeni kwa maandishi mwaka wa mwisho ugeuzwe mkataba. Maprofesa wengine hukubali, kwa sababu fedha za ufadhili huisha kabla ya kazi kuisha.

Na kweli huisha. Fedha za mradi mara nyingi ni za miaka 3, PhD ya maabara huchukua minne au zaidi. Panya hawakuzaana, plazimidi, yaani duara dogo la DNA linaloingizwa kwenye bakteria, ilikuwa na kosa moja kwenye mfuatano, mhakiki wa jarida anataka jaribio jingine la miezi sita. Mkataba ukikaribia kwisha, miezi 3 kabla nendeni mkajiandikishe ofisi ya ajira kwamba mnatafuta kazi. Ukichelewa unakatwa wiki moja ya posho ya kukosa kazi. Posho yenyewe humfikia aliyechangia angalau miezi 12 katika miezi 30 ya nyuma, kwa hiyo wa ufadhili hayumo. Ajira ikikatishwa kabla ya muda wake, ofisi ya wageni ijulishwe ndani ya wiki 2. Aliyemaliza PhD kwa kibali cha masomo anaweza kuomba hadi miezi 18 ya kutafuta kazi, akionyesha fedha za kujikimu; kwa kibali cha mtafiti sheria inataja hadi miezi 9.

Kibali cha PhD huweza kuwa cha masomo, kifungu 16b cha sheria ya ukaazi, au cha mtafiti, kifungu 18d. Mwenye mume au mke asome hapa mara mbili. Ukiwa na 18d, mwenzako hahitaji cheti cha Kijerumani ili akufuate. Ukiwa na 16b, kwa kawaida lazima afaulu kwanza A1, mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya mwanzo. Ombeni 18d. Taasisi ikisema hawajazoea, waulizeni kwa upole kama wanaweza kutoa makubaliano ya mapokezi ya mtafiti. Ni fomu fupi.

Sasa hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kibali kikiisha huku ofisi haijatoa kipya, unapewa hati ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung. Ina visanduku. Kikitiwa alama kile cha kifungu 81 aya ya 4, unaweza kusafiri na kurudi. Kikitiwa cha aya ya 3, ukitoka huingii tena bila viza mpya. Karatasi ni ileile, tofauti ni tiki moja. Mama akifariki Tanga siku hiyo, tiki ile ndiyo inayoamua kama utamzika. Kwa hiyo maombi ya kuongeza kibali yapelekeni miezi mitatu kabla, kabla cha zamani hakijaisha hata kwa siku moja, na mkipewa hati hiyo isomeni palepale dirishani. Ikiwa na kosa, msiondoke.

Kama bado mnataka kuja, njooni mkiwa tayari kwa kazi ya meza ya maabara. Usaili hauulizi PCR, ile mbinu ya kunakili DNA, ni nini. Unauliza: kontroli ya maji, ile isiyowekwa DNA, imetoa bendi, ishara kwamba DNA imeingia kwa uchafu; utafanya nini? Jibu: maji na praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) vilivyofunguliwa unavitupa, unaanza na vipya, na unachanganyia mbali na mahali pa kufungulia mazao ya PCR. Wataonyesha sahani ya bakteria yenye dawa ya ampisilini, ina koloni kubwa, yaani kundi la bakteria, iliyozungukwa na vikoloni vidogo. Vile vidogo havina plazimidi. Koloni kubwa imetoa kimeng'enya kilichovunja dawa jirani yake, kwa sababu sahani ilikaa joto muda mrefu kupita kiasi, au dawa ilikuwa dhaifu tangu mwanzo kwa kuwekwa kwenye agari yenye zaidi ya nyuzi 55. Watauliza kwa nini, ukiingiza plazimidi kwenye bakteria kwa joto la nyuzi 42 kwa sekunde 30 hadi 45, baadaye bakteria hupewa saa moja ya kupumzika bila dawa. Kwa ampisilini unaweza kuiruka saa hiyo. Kwa kanamisini, dawa nyingine ya kuua bakteria, huwezi: dawa hiyo huzuia utengenezaji wa protini, na protini ya kujikinga bado haijatengenezwa.

Najua huko praima zinaagizwa zikachelewa wiki nyingi. Basi fanyeni la bure: mikrolita 100 za maji zina gramu 0.100. Pimeni kwa pipeti mara kumi juu ya mizani yenye usahihi wa miligramu moja, andikeni kila namba. Zikitofautiana kwa zaidi ya miligramu mbili, mkono bado.

Wa kidato cha nne au cha sita msidhani hamna njia. Fundi sanifu wa baiolojia husomea miaka 3 na nusu akifanya kazi na kulipwa, ila anahitaji Kijerumani cha kweli, na mara nyingi yeye hukaa kazini muda mrefu kuliko mwenye PhD. Nao wenye PhD wasio na Kijerumani hugonga mwamba wakitoka chuoni: maabarani ni Kiingereza, kampuni za dawa na wauza mashine wanataka Kijerumani cha B2, ngazi ya mtu anayejieleza vizuri. Anzeni leo.

Na pengine msije kabisa. Mbeya kuna utafiti wa kifua kikuu na VVU ulioshirikiana na chuo kikuu cha LMU cha Munich kwa miaka mingi. Ifakara wanashirikiana na taasisi ya Basel, Uswisi. Kilifi na Nairobi kuna maabara nzuri. Unaweza kujiandikisha PhD Ulaya, sampuli na majaribio yakabaki nyumbani, ukaja miezi michache tu. Ningependa wengi wenu mfanye hivyo. Ningependa pia kuwaona huku, siwadanganyi.

Atakayepata barua, asisaini. Nitumieni mkataba wote, kurasa zote, si picha ya ukurasa wa mshahara peke yake. Naanza na tarehe ya mwisho.