Hela ya baba na viza ya Uingereza

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kutumia akaunti ya baba kuonyesha hela ya viza ya mwanafunzi. Ruksa, ambatisha tu cheti chako cha kuzaliwa na barua yake ya kukubali. Shida ni kwamba hela umesema imeingia wiki iliyopita. Usitume maombi bado! Lazima ilale siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango kinachotakiwa hata siku moja. Mzee wangu alichomoa laki tano za mbegu siku ya 19, akairudisha kesho yake. Nikaanza kuhesabu upya, nusura nimlilie. Na tarehe ya mwisho kwenye taarifa ya benki isizidi siku 31 kabla ya kuomba. Wakati unasubiri, kapime kifua kikuu, cheti chake kinadumu miezi 6.