Orodha ya Abiria Kwanza: Ushauri kwa Kampuni Ndogo za Ndege

Nilifanya kazi miaka tisa katika ofisi ya uendeshaji ya kampuni ndogo ya ndege pale Kisongo, kwenye kiwanja cha ndege cha Arusha, na katika miaka hiyo tulipoteza ndege moja pamoja na wote waliokuwamo. Sitaitaja kampuni wala siku, kwa kuwa wafiwa wapo na baadhi yao ni majirani zangu. Ninawaandikia vijana wanaokalia kiti nilichokalia, ambao nikiwauliza kuhusu mpango wa dharura hunijibu kwamba upo kwenye faili. Sisi pia tulikuwa na faili hilo, na siku ilipofika hapakuwa na aliyelifungua.

Jambo lililotuumiza kuliko yote lilikuwa karatasi moja, orodha ya abiria. Kijana mmoja wa Moshi, mwongoza watalii, alipangiwa kuondoka Seronera, ndani ya Serengeti, kwa ndege ya alasiri. Mgeni mmoja wa ndege ya asubuhi akaamua kubaki porini, na kijana akapewa nafasi yake ili awahi nyumbani. Mabadiliko hayo yaliandikwa kwa kalamu kwenye nakala iliyobaki kule, lakini nakala yangu ikabaki na jina la mgeni. Ndege ilipokosa kufika, baba yake alipiga simu, nami nikapitisha kidole kwenye orodha na kumwambia kwamba mwanawe hayumo. Akasema, "Mungu akubariki, binti yangu." Saa tatu baadaye nililazimika kumpigia tena.

Kwa hiyo orodha ifungwe kabla injini haijawashwa, na badiliko lolote lifike makao makuu kwa simu au redio, lisomwe na kurudiwa. Ajali ikitokea, asiambiwe mtu yeyote jina limo au halimo mpaka watu wawili wailinganishe orodha na maelezo ya aliyewaona abiria wakipanda. Namba ya ndugu wa abiria isiwe namba ya kukatia tiketi. Kwetu ilikuwa moja, na mama aliyekuwa akilia alisubiri nyuma ya mtu aliyetaka kuahirisha safari ya Zanzibar.

Upande wa uendeshaji, hesabu huwa kali. Tulikuwa na ndege ndogo nne aina ya Cessna Caravan, na mojawapo ilikuwa kwenye matengenezo. Baada ya ajali zikabaki mbili, tena katika msimu wa Julai hadi Oktoba ambapo kila kiti cha Serengeti kimeshauzwa. Wakaguzi walichukua kumbukumbu za matengenezo, za mafunzo ya marubani na za uzito wa mizigo, kama wajibu wao unavyowataka, na mafundi wetu wakatumia siku nzima kujibu maswali huku ndege zikisubiri. Uongozi ulitaka ratiba iendelee kama kawaida. Marubani wawili waliomfahamu marehemu nahodha tangu chuoni walipangiwa kuruka kesho yake, na mmoja wao aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hakuwa amelala kabisa. Punguzeni ratiba wenyewe, mapema, na waombeni hata washindani wenu wawabebee abiria waliokwisha kulipa. Hasara ya wiki mbili inavumilika. Rubani asiye na utulivu hapaswi kushika usukani.

Kuhusu kusema hadharani, semeni mnachokijua tu. Kwa utaratibu wa kimataifa, ripoti ya awali ya uchunguzi hutarajiwa ndani ya siku 30, na lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kutafuta wa kulaumiwa. Mkuu wetu mmoja alitangaza siku ya pili kwamba chanzo kilikuwa hali ya hewa. Mawakala wa utalii waliosikia waliuliza amejuaje, na swali hilo lilitufuata muda mrefu kuliko ajali yenyewe.

Msishushe nauli, kwa maana mteja mwenye hofu huiona bei rahisi kama kukiri kosa. Wala msikimbilie kubadili jina. ValuJet ya Marekani, ambayo ndege yake ilianguka Florida tarehe 11 Mei 1996 na kuua watu wote 110, iliungana na kampuni nyingine mwaka 1997 na kuchukua jina lake, AirTran. Lakini Arusha ni mji ambao dereva, mpishi wa kambi na fundi wa Kisongo wanafahamiana, na mgeni huwauliza hao kwanza. Mawakala wa nje nao watataka nyaraka, hasa tangu Juni 2025, Umoja wa Ulaya ulipoziweka kampuni zote za ndege zenye cheti cha Tanzania kwenye orodha yake ya usalama wa anga, yaani ya kampuni zilizozuiwa kuruka kwenda Ulaya. Wekeni kumbukumbu tayari kabla hamjaombwa.

Mwisho, nendeni msibani. Mwanasheria alitushauri tusiende, akihofia kwamba kwenda kungechukuliwa kuwa ni kukubali kosa, na tukapoteza siku mbili tukibishana. Siku ya tatu mkurugenzi aliondoka kwenda Kibosho, nyumbani kwa baba wa yule kijana, nami nikaomba kufuatana naye. Tulikaa chini ya turubai kando ya migomba, tukatoa pole, na mzee akasikiliza mpaka mkurugenzi alipomaliza. Kisha akauliza jambo moja tu: nani aliyekuwa na ile karatasi? Mkurugenzi alinyamaza, nami nikainuka nikasema, "Ni mimi, baba." Alinionyesha nafasi kwenye benchi kando yake, akaniomba nimweleze tangu asubuhi, saa kwa saa, nami nikamweleza.