Maabara wakikwambia "Rhodococcus equi yupo", uliza kwanza kuhusu vapA

Mimi nilishawahi kutibu karatasi badala ya mnyama. Mtoto wa farasi wa miezi miwili alikuwa na kahoma kidogo tu, nikapeleka kinyesi chake maabara, jibu likarudi Rhodococcus equi yupo, yule bakteria wa nimonia ya watoto wa farasi, basi nikachanganyikiwa nikaanza kuwapa antibayotiki watoto wote bandani, hata wale wanaonyonya vizuri na kurukaruka.

Kumbe huyo bakteria makazi yake ni udongo na mavi ya farasi, ukimtafuta bandani humkosi. Cha kuuliza ni amebeba nini. Wale wabaya kwa farasi wana plasmidi, yaani kipande cha DNA cha duara kilichojitenga na kromosomu, na humo ndo kuna jeni inaitwa vapA. Kule kwenye udongo wa baridi jeni hiyo imelala, ikifika kwenye joto la mwili, kama nyuzi 37, na asidi kidogo, inaamka. Sasa makrofaji, zile seli walinzi za mapafu, zikimmeza bakteria huwa zinamuua kwa asidi, ila protini ya VapA inaizuia hiyo asidi, jamaa anazaliana humohumo mpaka seli inakufa, na mapafu yanajaa majipu. Mtoe plasmidi bakteria yuleyule, hafui dafu, anamezwa na kazi imeisha.

Kwa hiyo mwambie daktari achukue sampuli kwenye koromeo la hewa, aombe kuotesha bakteria na PCR (kipimo cha kutafuta jeni) ya vapA, halafu muisome pamoja na dalili na ultrasaundi ya kifua. Kinyesi achana nacho. Na wasichelewe kupima jeni, maana bakteria akioteshwa tena na tena kwenye joto la mwili anaweza kuidondosha plasmidi, ukaambiwa hana kumbe alikuwa nayo.

Vijipu vidogo visivyo na dalili vingi vinapona vyenyewe. Huko Marekani mashamba yaliyokuwa yanatibu hata watoto wasio na dalili yameishia kupata bakteria wenye jeni ya usugu erm(46), makrolaidi (kundi la dawa lenye erithromisini) haziwagusi.

Halafu ukimuanzishia erithromisini muweke kivulini, hiyo dawa inabana jasho. Mmoja wa wale wangu nilimkuta juani anahema kama mbwa, na wala hakuwa anaumwa.